Kilichopimwa Moshi ni kiburu na ulezi, si unga wa kwenye kopo

#1 Meku wa Kirua

Wakuu, salaam.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu: chungu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, juu yake maandishi mekundu "WAZUNGU WAKUBALI CHAKULA CHETU NI DAWA", na chini namba ya simu ya mtu anayeuza unga wa "lishe ya mababu" kwa kopo. Nimeletewa na shemeji, nimeletewa na mtu wa kanisani, juzi nimeletewa na fundi wangu wa pikipiki. Naanzisha uzi huu kwa sababu utafiti unaotajwa upo kweli, tena umefanyika hapahapa Moshi. Ila muuza kopo ameongeza yake.

Kwa ambao hawakuufuatilia: Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha kazi ya watafiti wa hospitali ya KCMC ya hapa Moshi wakishirikiana na wenzao wa chuo cha Radboud, Uholanzi. Walichukua wanaume 77 wenye afya njema. Wa vijijini, waliozoea chakula cha nyumbani, walipewa wiki mbili za mlo wa kizungu: mkate mweupe, soseji, chipsi na ndugu zao. Wa mjini waliozoea mlo huo wakageuziwa upande wa pili, wiki mbili za ndizi, maharage, nafaka isiyokobolewa na mboga za majani. Kundi jingine la mjini liliachwa na chakula chake, likanyweshwa mbege kila siku kwa wiki moja. Wachache waliendelea na mlo wao bila kubadilishiwa kitu, ili pawe na wa kulinganisha nao. Damu ilipimwa mwanzo, mwisho, na tena wiki nne baadaye.

Walioingizwa kwenye soseji na chipsi, protini zinazopanda mtu anapokuwa na kidonda au maambukizi zilipanda kwao bila kidonda wala maambukizi. Zikibaki hivyo miaka na miaka, ndipo yanapotokea maradhi ya moyo, kisukari na wenzake. Na chembe zao za kinga zilipokutanishwa na vijidudu kule maabara zilipambana kivivu kuliko mwanzo. Wa mjini waliogeuziwa chakula cha mlimani mambo yalikwenda kinyume chake, na wa mbege vilevile. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana baada ya zile wiki nne.

Wiki mbili tu, wakuu! Sikutarajia damu ya mtu isikilize haraka hivyo.

Sasa angalieni walichokula. Hakuna aliyepewa kijiko cha unga asubuhi kabla ya kula. Walipewa milo, asubuhi, mchana na jioni. Kiburu kwa asiyekijua ni ndizi na maharage vilivyochemshwa pamoja mpaka vikashikana, hakuna kukaanga, wengine hutia magadi kidogo maharage yalainike. Kitawa ni ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando. Mnafu ni mboga chungu ambayo mtoto anaikataa mpaka afike miaka kumi hivi, halafu akienda Dar anaililia. Mtori mnaujua nyote, huo umeshapata uraia wa taifa zima. Ukiangalia sahani nzima unaona kwa nini damu inatulia: makapi mengi, mafuta machache, sukari hakuna, na kitu kilichochachushwa kipo karibu kila siku. Ukichomoa kimoja ukakisaga ukakitia kwenye kopo, ukaendelea na soda na chipsi zako, hilo halikupimwa na mtu yeyote.

Jambo la pili ni shamba. Chakula hiki hakikutoka sokoni, kilitoka kihambani. Kihamba cha wazee kilikuwa na ndizi juu, kahawa chini yake, chini ya kahawa magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga, na pembeni ng'ombe wa ndani ambaye mbolea yake ndiyo inayolisha migomba. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua kihamba cha Shimbwe Juu mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia. Urithi wenyewe ndio huo tunaougawa. Babu alikuwa na kihamba kimoja, akagawia wana wanne, nao wakagawia wanao, leo mjukuu ana eneo la kutosha nyumba, geti na migomba sita. Ulezi wenyewe ulikuwa unalimwa mlimani kwa maji ya mifongo, ile mifereji ya asili, sasa ulezi mwingi wa kutengenezea mbege unaletwa na malori. Kwa hiyo mtu akiniambia "Wachaga wameacha chakula chao kwa uvivu na uzungu" namwomba kwanza aje apime vihamba.

Uzungu nao upo, sikatai. Nimekua wakati ambapo mgeni akija anapikiwa wali, na kiburu kinafichwa jikoni. Watoto wa shule walichekwa kwa kubeba ndizi. Sembe likawa jeupe kadiri ya maendeleo ya nyumba.

Mzee wetu ana kisukari na presha, ndiyo maana haya mambo nayafuatilia. Pale nyumbani hatukutafuta chochote cha ajabu. Wali ulibaki wa Jumapili, sembe likaondoka, uji ukawa wa ulezi usiotiwa sukari, mboga za majani zikawa ndizo zinazojaza sahani na ndizi zikakaa pembeni. Dawa zake anameza kama kawaida na kliniki anakwenda. Amepungua tumbo, anapanda mlima bila kusimama-simama. Siuzi kitu.

Ninachotaka kutoka kwenu: kwenu walikula nini, na kiliachwa kwa sababu gani hasa? Hiyo sababu ndiyo naitaka zaidi. Kusifia bibi tunajua wote.

#2 Kijiwe cha Majengo

Mkuu umeandika mengi ila mimi nimekwama kwenye neno moja, mbege. Kwa hiyo nikirudi usiku namwambia mama watoto nilikuwa kliniki?

#3 Meku wa Kirua

Mwambie ukiona mlango umefungwa ni sehemu ya matibabu.

Kwa uzito wake sasa. Mbege iliyopimwa ni ya wiki moja, kwa wanaume wazima wasio na maradhi. Ina pombe, na mtu mwenye ini bovu au anayemeza vidonge fulani haimfai. Kinachowavutia watafiti ni ule uchachu. Ndizi mbivu zinachemshwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, ndipo unaongezwa uji wa mso, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, pamoja na gome la msesewa linaloleta uchungu. Hapo kuna ndizi, nafaka na vijidudu rafiki kwenye kata moja. Asiyetaka pombe ana togwa. Miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania walikwishaonyesha kwamba watoto wadogo wanaokunywa togwa hupungukiwa na vijidudu vya kuharisha tumboni. Hilo halikupata bango jekundu.

#4 Mtama Mweupe (Bahi)

Mleta uzi umeuliza sababu, mimi nakupa ya Ugogo kwa neno moja: kweleakwelea, wale ndege.

Watu wa warsha wanakuja Dodoma wanatuambia rudini kwenye mtama na uwele, unavumilia ukame. Kwani tumesahau? Mtama ni nafaka ya Afrika, uwele ni wa Afrika, babu zangu walikuwa wanakula ugali wa uwele na mlenda kabla hindi halijakanyaga hapa. Mvua zetu ni za msimu mmoja tena za kubahatisha, hindi linakauka likiwa linachanua. Wote tunalijua hilo. Lakini ndege hawali hindi lililovaa maganda yake. Mtama umesimama uchi.

Kweleakwelea wakishuka shambani ni wingu. Zamani watoto walikaa kwenye dungu tangu alfajiri mpaka jua linazama, na kombeo, na madebe, na kelele. Wiki kadhaa mfululizo, tangu punje inaanza kutia maziwa mpaka kuvuna. Leo mtoto yuko shuleni, na ni sawa awepo shuleni. Basi ndege awafukuze nani? Mimi na goti langu? Serikali huleta ndege ya kupulizia dawa kwenye mazalia, ikiwahi tunashukuru, ikichelewa mmeshavuna mabua. Kuna mtama mwekundu ambao ndege hawaupendi kwa uchungu wake, na sisi pia hatuupendi kwa uchungu huohuo, huo ni wa pombe.

Kwa hiyo jirani anapanda hindi akijua kabisa linaweza kufa, kwa sababu likipona angalau ni lake. Hiyo ni hesabu, si ujinga.

Kingine. Mtama mweupe mzuri siku hizi unanunuliwa na viwanda vya bia. Sina ugomvi nao, wanalipa. Ila ujue unaposema "mtama urudi mezani" unashindana na chupa.

Mlenda nautetea mpaka kufa. Tunakausha majani kivulini, tunatwanga, unga wake unakaa mwaka mzima. Ukikausha juani unapauka na ile rangi ndiyo lishe, bibi alikuwa anachapa mtu kwa kuanika mlenda juani. Bibi yake yeye alipita kwenye Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920, majeshi ya Mjerumani na Mwingereza yalipokomba nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikagoma. Waliobaki walibaki kwa mboga pori. Tangu hapo ujuzi wa majani kwetu hauchezewi.

#5 Sista wa Zamu

Nafanya kazi kliniki ya kisukari na presha, sitasema wapi. Uzi mzuri, naomba mniruhusu nikohoe kidogo.

Ugali wa mtama ni wanga. Wa uwele ni wanga. Ndizi ni wanga. Naletewa mgonjwa sukari iko juu, ananiambia "lakini nakula dona sista", namuuliza kiasi gani, ananionyesha kwa mikono miwili mlima wa ugali na kijimboga cha kutafuta kwa tochi. Wazee walikula ugali mkubwa wakiwa wanakwenda kulima ekari kwa jembe la mkono. Wewe unakwenda kukaa dukani.

Dona nalo lichaguliwe. Mahindi yenye ukungu yakisagwa na pumba zake, sumukuvu yote inaingia kwenye unga. Kenya mwaka 2004 ilichukua watu 125, na 2016 tuliiona Dodoma na Manyara. Punje iliyobadilika rangi au iliyonyauka haitengenezwi uji wa mtoto wala haipewi kuku.

Magadi. Mwenye presha, magadi ni sodiamu kama chumvi ilivyo sodiamu. Unapunguza chumvi mezani huku kiburu na mlenda vimejaa magadi, tunazunguka palepale. Tena magadi ya kanda ya kaskazini mengine yana floridi nyingi, ile inayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Maharage yakilowekwa usiku mzima hayahitaji magadi.

Wenye figo iliyochoka: ndizi, mboga za majani, maji ya majivu, vyote vina potasiamu nyingi ambayo figo yako haiwezi kuitoa. Chakula kinachomponya jirani kinaweza kukulaza wewe. Ulizeni kwanza.

Na mwisho, tafadhali sana: anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, ukibadilisha mlo kwa nguvu ukaendelea na dozi ileile, sukari inaweza kuporomoka ukaanguka. Ukiacha dozi kwa sababu umeanza ulezi, utakuja kwangu mguu umeoza. Pima, mwambie daktari wako, dozi ibadilishwe na yeye.

#6 Mama Wawili

Nimesoma kimya, sasa nasema.

Wanaume 77 wamelishwa wakapimwa. Mpishi hakupimwa.

Mnaandika kiburu, kitawa, mlenda wa kutwanga, ulezi wa kupepeta, togwa ya kuchachusha, kisamvu cha kinu, na kila kitenzi hapo ni mgongo wa mwanamke. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili jioni. Maharage yana saa mbili jikoni, gesi ni hela, mkaa ni hela. Mnajua kwa nini chipsi zilishinda? Kwa sababu nazikuta kwa jirani zimeshaiva. Sembe lilishinda kwa sababu liko dukani limeshasagwa, linakorogeka dakika kumi. Hata mashineni ukipeleka ulezi kilo mbili jamaa anakununia, anasema hawezi kubadilisha chekeche kwa kilo mbili, usubiri mpaka wapatikane wa ulezi wengine.

Mlo wa mababu ulikuwa wa mabibi. Mkitaka urudi, ingieni jikoni au lipeni.

#7 Tiba Asilia Online

Habari ndugu. Unga wa mlonge, zawadi ya mababu zetu wa Afrika, unatibu magonjwa zaidi ya mia tatu ikiwemo kisukari, presha, nguvu za kiume. Tunatuma mikoa yote. Njoo inbox.

#8 Mtama Mweupe (Bahi)

Mlonge asili yake ni India, chini ya Himalaya. Babu yako alikuwa Patel?

#9 Mbishi Mstaarabu

Kabla hamjamcheka sana huyo wa mlonge. Ndizi zilikuja kutoka Asia kwa bahari. Maharage na mahindi ni ya Amerika, yalifika pwani zama za Wareno, na muhogo, karanga, viazi vitamu, nyanya na pilipili vilevile. Mbaazi na choroko India. Kwa hiyo hicho kiburu mnachokililia ni Mwasia aliyeoa Mmarekani. Asili iko wapi?

#10 Meku wa Kirua

Iko hapohapo. Sijasema mahali popote kwamba chakula kiwe hakijawahi kupanda jahazi. Ndizi zimekaa mlimani vizazi visivyohesabika, tuna majina ya aina zake, mshare ni ya mtori, ndizi ng'ombe ni ya mbege, kila moja na kazi yake. Kabla ya maharage ilikuwepo ngwara, jamaa wa maharage, na kunde, na wazee bado wanasema kiburu cha ngwara ndicho kiburu. Kilichokaa na watu mpaka wakajua kukilima bila dawa, kukipika sumu ikatoka, kukihifadhi mwaka mzima na kumpa mzazi aliyejifungua, hicho ni chao. Mlonge wenyewe sina ubaya nao kama mboga, majani yake mabichi ni mazuri. Ugomvi wangu ni magonjwa mia tatu.

Mama Wawili, hoja yako ndiyo niliyokuwa naisubiri tangu post ya kwanza. Huku kwetu mwanaume anachinja, anachoma, anajisifu kwa supu, lakini kumenya ndizi hajui. Mimi namenya. Paka mikono mafuta kwanza, utomvu haugandi. Maharage tunachemsha mengi mara moja kwa wiki kwenye sufuria la presha, tunagawa kwenye friji. Ulezi tulikubaliana nyumba kadhaa za mtaa, tunapeleka debe zima kwa pamoja, jamaa wa mashine hanuni tena. Jibu kubwa zaidi ya hapo ni kulipa, kama ulivyosema: mama anayeuza chipsi pale kona auze na kiburu kwenye hotpoti, tukinunue. Nimeshamwona mmoja stendi, saa nne asubuhi kimekwisha.

#11 Omusaza wa Kakamega

Niaje wadau, niko Kenya, nafuatilia huu uzi kwa makini.

Sisi hapa tulikuwa palepale. Miaka ya tisini mboga ya heshima ilikuwa kabeji na sukuma wiki. Managu, saga, mrenda, mito, kunde, hizo ziliitwa chakula cha maskini, zilijiotea tu kando ya boma. Aliyezipigania ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo cha JKUAT. Yeye utotoni alikuwa na mzio, nyama, maziwa na mayai vilimkataa, hivyo nyumbani walimlea kwa hizo mboga, na alipokuwa mtafiti akaamua zipewe heshima ya mbegu bora na vipimo. Leo ziko supamaketi na kwa kila mama mboga, na bei yake inapita ya sukuma.

Halafu tangu 2007 kukawa na ile kazi ya wanasayansi pamoja na jamii na Idara ya Utamaduni, wakaorodhesha mimea ya asili kama 850 na majina yake ya kienyeji, watoto wa shule wakafundishwa kuitambua. UNESCO mwaka 2021 waliiweka kwenye orodha yao ya mifano bora ya kuhifadhi urithi.

Nilichojifunza mimi: mboga zilirudi siku mkulima alipopata mbegu nzuri na soko. Hotuba za utamaduni zilikuwepo miaka yote hiyo na saga bado ililiwa na mbuzi.

Sista, kuhusu majivu, kwetu tunaita musherekha, maji ya majivu ya maganda ya maharagwe. Nashukuru kwa hilo la figo, mamangu nitamwambia. Saga ikilala usiku mmoja kwenye maziwa ule uchungu unaisha bila hayo majivu.

#12 Mtu wa Uvira

Salamu kutoka Uvira, Congo. Kwetu sombe (majani ya muhogo) na ndagala (dagaa) na mawese, ni vile tulikuta wazazi wanakula. Vijana wa mujini wanasema mawese inachafua nguo, wananunua mafuta ya jerikani ile nyeupe. Ule wekundu wa mawese ndio unasaidia macho ya watoto, una vitamini A. Lakini watu wengine wanachoma mawese mpaka inakuwa nyeupe, inatoa moshi, kisha wanapika. Hapo wekundu umeisha, umebakiza mafuta tu. Mutie mawese mwisho, sombe ikiwa imeiva, moto mudogo.

#13 Kopa la Newala

Na mimi wa kusini niseme. Ming'oko bado tunakula, ukifika Mtwara utaiona imechemshwa inauzwa kwenye visado barabarani. Ni ya porini, tunachimba. Tatizo lake ni kwamba pori linalimwa mikorosho, mwaka hadi mwaka tunakwenda mbali zaidi kuchimba.

Tahadhari kwa wanaotaka kurudi kwenye muhogo mchungu kwa kuangalia video: kuloweka na kuchachusha siku kadhaa si mapambo. Mwaka 1985 kule Tarime, wakati wa ukame, watu walifupisha hizo siku kwa njaa, wakapata konzo, miguu inakakamaa ghafla na haiponi. Hiyo ni sumu ya muhogo kwa mtu asiyekula protini ya kutosha. Bibi alikuwa na sababu ya kila siku aliyosubiri. Mwenye haraka ale muhogo mtamu.

#14 Mzazi Mpya (Dar)

Samahani kuingilia, mimi nina swali la vitendo. Mwanangu ana miezi nane. Nataka uji wa ulezi lakini mama mkwe anasema niuoteshe kwanza, rafiki yangu anasema utachacha umdhuru. Na ulezi wa hapa sokoni una mchanga balaa. Nifanyeje?

#15 Sista wa Zamu

Mama mkwe yuko sahihi. Hiyo inaitwa kimea, na Taasisi ya Chakula na Lishe iliitangaza sana miaka ya 1980. Ulezi una kalsiamu nyingi ajabu, gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 wakati mahindi hayafiki 30, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje. Kuuotesha kunaifungua. Faida nyingine ni kwamba kijiko kidogo cha kimea kikitiwa kwenye uji mzito uliopoa kiasi, uji unalainika palepale, kwa hiyo mtoto anameza unga mwingi kwa tumbo lake dogo. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo kabla ya kumpa.

Loweka usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka vimizizi vitokeze, anika, sugua, saga. Ukiona ukungu tupa wote, usichague. Na hii ni ya ulezi. Mtama ukiuotesha, vile vichipukizi na mizizi vina sumu inayofanana na ya muhogo mchungu, lazima uvisugue vyote vitoke kabla ya kusaga. Ongeza na dagaa waliosagwa au karanga kama hazimletei shida, ulezi peke yake haumtoshi.

#16 Mama Wawili

Mchanga: usihangaike na ungo kama hujui kupepeta, utamwaga ulezi wote uani. Weka kwenye beseni, jaza maji, koroga kwa mkono uzunguke, na wakati bado unazunguka mimina maji na ulezi kwenye beseni la pili. Mchanga ni mzito, unabaki chini. Rudia mpaka chini pasikwaruze. Nunua ule wa rangi ya kahawia iliyokolea, na tafuna punje chache kabla hujalipa, ukisikia kishindo cha mchanga mwambie apunguze bei.